Wataalamu wa oganiki na wa yurea, nisikilizeni jinsi nilivyoua mpunga wa mama yangu hapa Kindu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye majembe na wenye midomo tu.

Nimeusoma ule uzi wa juzi wa oganiki na mbolea za kiwandani mpaka mwisho. Kurasa na kurasa za matusi. Mmoja anasema yurea ni sumu ya wazungu, mwingine anasema oganiki ni dini ya watu walioshiba. Nilikuwa nawatazama tu. Nina hakika nusu yenu hamjui hata jembe linashikwa upande gani.

Basi na mimi nitie langu. Haya sikuyasoma kwenye PDF, yamenipata mwenyewe. Mama yangu yu hai, amekaa hapa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo, na mimi naandika huku nasoma kwa sauti. Nikiongeza chumvi atanisuta papo hapo.

Mimi ni mtu wa Kindu, Maniema, Kongo. Kiswahili chetu kina Kifaransa ndani yake kama mawe kwenye mchele, mtachambua wenyewe.

Nianze na vita, maana bila vita huu uzi usingekuwepo.

Kabla ya vita, sisi watu wa huku hatukujua kitu kinaitwa mbolea. Hapo sikilizeni vizuri, watu wa oganiki, maana mnapenda sana kusema "babu zetu walilima kwa samadi". Babu zenu labda. Babu zangu walilima kwa shoka.

Unakata pori, unachoma, unapanda mpunga. Mwaka wa pili unatia muhogo. Halafu unaliacha shamba lirudie pori miaka mingi, wewe unasonga mbele. Pori ndilo lililokuwa likiulisha udongo. Ng'ombe hatuna. Samadi tungeitoa wapi, kwa mbuzi wawili wanaozurura barabarani?

Halafu vita vikaja, na pori likafungwa.

Wenye bunduki walikaa kuuzunguka mji. Anayekwenda shambani harudi. Mjomba Saidi, ndugu yake mama, alivuka mto kwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe, alioupanda kwa mkono wake. Mpaka leo tunamngoja. Treni haiji, baisikeli hazitoki, chumvi inauzwa kwa kijiko. Mji mzima tukabaki na kitu kimoja cha kulima: uwanja wa nyumba.

Na uwanja wa nyumba ya Kindu mnaujua? Mama zetu wanaufagia kila asubuhi, wanaufagia mpaka unang'aa. Miaka na miaka ya ufagio. Kila jani lililoanguka limefagiwa likatupwa mbali. Udongo umebaki mweupe, mgumu, kama sakafu. Kwa usafi hatuna mpinzani. Kwa rutuba, hata magugu yanapita kando.

Mama akapiga jembe pale pale. Lengalenga, mchicha wetu, zikatoka nyembamba kama uzi wa kushonea, za njano. Mahindi yalifika magotini yakachoka.

Baba alikwisha kufariki. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi wa miaka tisa, na mdogo wangu Mwamini wa miaka mitatu. Mwamini akaanza kuvimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Akawa halii tena, anakaa tu pale alipowekwa.

Na jikoni, juu ya moshi, ilining'inia bidoni, yaani dumu, ya lita tano imejaa mpunga.

Ilikuwa mbegu. Mpunga wa bibi Asha, nyanya yake mama, aliyetoka nao Kasongo. Mpunga mrefu kupita mtu mzima, punje ina ncha nyekundu, na ukiupika jirani wa nyumba ya tatu anauliza umepata mgeni gani.

Nililia mbele ya ile bidoni, wakuu. Nililia nikiishika miguu ya mama. Hakunipiga. Aliniambia: "Amisi, hii si chakula. Tukiikula, vita itaisha kwa wengine, kwetu itabakia."

Nilimchukia siku ile. Nasema ukweli, nilimchukia kabisa.

Sasa kilichotuokoa ni nini? Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo cha shimo alichokichimba baba, kilichojaa na kufungwa zamani. Kabla hakijafungwa, mama alikuwa na mazoea ya kumwaga humo majivu ya jikoni na makapi ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa, ili kukata harufu. Siku moja akaona mpapai umejiotea pale juu. Shina nene, matunda yanagombania nafasi. Hatua tatu kando, mahindi yake yanakufa.

Mama hakusoma agronomia. Aliutazama mpapai, akayatazama mahindi, akachukua jembe akafungua shimo.

Ndani kulikuwa na udongo mweusi, unaomeguka vizuri, unanukia kama ardhi baada ya mvua. Hakuna kingine. Akaanza kuutandaza kwenye matuta.

Jirani yetu, Mama Zaituni, akaona.

Sisi ni Waislamu wa Kindu, najisi kwetu si jambo la mzaha. Mama Zaituni akaupita mtaa mzima akitangaza kwamba Mama Amisi analisha watoto uchafu wa choo, mtu asile kwake, mtu asiswali kwenye mkeka wake. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimepata jina: Amisi wa Shimo. Shuleni Amisi wa Shimo, mtoni Amisi wa Shimo, hata nikitumwa chumvi. Nilimwomba mama afukie lile shimo tufe na njaa yetu kwa heshima.

Ujinga wa mtoto, mtasema. Sawa. Lakini ule ujinga niliukuza pamoja na ndevu, mtaona mbele.

Mama akamwita mwalimu wa msikiti. Akaja na kanzu yake safi, pua ameikunja tangu barabarani. Akachuchumaa, akaushika udongo kiganjani, akaunusa, akauliza shimo limefungwa miaka mingapi. Mama akamwambia. Yule mzee akasema kilichogeuka udongo ni udongo, na sisi wenyewe tumeumbwa nao.

Na kesho yake, wakuu, mke wake akaja na beseni.

Baada ya hapo mtaa wote ukafungua mashimo yake, kimya kimya, nyuma ya uzio. Mchana wananicheka, alfajiri wanachota. Hao ndio binadamu. Lengalenga zetu zikanenepa, Mwamini akapungua uvimbe, siku moja akasimama akaenda mwenyewe kuchuma jani. Mama alikaa chini akalia, yeye ambaye hakulia wakati wa njaa yenyewe.

Na ile mbegu akaipanda kidogo kidogo pale uani, mistari sita kila msimu. Si ya kula, ni ya kuifanya isife, maana mbegu ikikaa sana inazeeka. Ukimwomba anakupa, kwetu mbegu haiuzwi. Unapewa bakuli, ukivuna unarudisha bakuli.

Vita vikaisha. Jina langu likabaki.

Sasa ruka miaka, njooni leo.

Nimesoma. Nina diploma ya kilimo yenye mhuri na picha yangu nimekaza shingo. Nikapata kazi kwenye shirika moja, sitalitaja, kazi ya kusimamia mashamba ya mfano. Mama amezeeka, magoti yamekataa, akanikabidhi shamba letu la upande wa barabara ya Kibombo, robo hekta. Akanikabidhi na bidoni, ambayo sasa ilikuwa ya lita ishirini.

Elewa kitu kimoja. Siku hizi kuhamahama na shoka kumekwisha. Pori limekwenda mbali, watu wamejaa, kila mmoja analima palepale mwaka baada ya mwaka. Njo kusema, hali ya ule uwanja wetu wa wakati wa vita imekuwa hali ya mji mzima. Udongo umechoka, na asiyeulisha atavuna matumaini.

Mama alinipa maneno mawili tu. La kwanza, nichote udongo wa shimo nipeleke shambani. Hakuacha ule utaratibu, ana mashimo mawili, moja linatumika na moja limefungwa linapumzika. La pili: "Nusu ya mbegu inaingia udongo, nusu inabakia kwa bidoni. Hata mvua ikikuapia."

Nikasema ndiyo, mama. Sikufanya hata moja.

Shimo kwanza. Mimi, mtu wa diploma, nibebe kinyesi cha ukoo wangu kichwani nipite mtaa wa Kasuku? Pale kwenye mzunguko wanakaa madereva wa moto, yaani pikipiki, nusu yao nilisoma nao. Wangelikumbuka jina dakika hiyo hiyo. Niliona afadhali udongo ulale njaa kuliko mimi nichekwe.

Na mbegu nayo. Wageni wa shirika walikuwa waje kutembelea, kulikuwa na kibao chenye jina langu. Nusu shamba haipendezi kwenye picha. Nikaimwaga bidoni yote ardhini.

Jioni mama akauliza, umebakisha? Nikasema nimebakisha.

Nikairudisha bidoni mahali pake juu ya moshi. Nilikuwa nimeijaza mchanga chini na makapi juu, ili iwe na uzito mtu akiigusa. Ndiyo, mmesoma vizuri. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nilikaa nikipima mchanga wa kumdanganyia mama yangu.

Sasa tuje kwa wataalamu wenu.

Mtaalamu wa kwanza alikuwa wa oganiki. Alikuja na jeep nyeupe, vioo vimefungwa ili vumbi letu lisimguse, mabuti mapya hayajaona tope. Semina siku tatu, soda na biskuti. Somo: ulishe udongo kwa mabaki, achana na kemikali. Makapi ya mpunga yapo bure, rundo kama kilima nyuma ya kila mashine. Fukia, alisema, udongo utakushukuru. Labda alisema na kwamba lazima yaoze kwanza. Sikumsikia, nilikuwa kwenye biskuti.

Nikasomba makapi mabichi, mikokoteni na mikokoteni, nikafukia shamba zima.

Mpunga ukaota, ukafika kiganja kimoja, ukawa wa njano kama mgonjwa wa ini.

Hapa nieleze, maana ndipo mnapotukanana bila kujua. Makapi mabichi yenyewe yana njaa. Vile vijidudu vinavyoyaozesha vinataka nitrojeni, na vinaichukua udongoni kabla mpunga haujaionja. Umealika wageni, wapishi wakamaliza sufuria jikoni. Shimo la mama lilikuwa na makapi hayo hayo, lakini yamekaa miaka, pamoja na majivu na yale mengine tusiyoyataja mezani. Yalikwisha kula, sasa yanatoa.

Nikamwandikia mtaalamu. Akajibu: subira, udongo unapona. Yeye mshahara wake hauna njano.

Mtaalamu wa pili nilimkuta sokoni Kasuku. Anauza yurea, mfuko umefunguliwa, anapima kwa kopo la nyanya. Meza hiyo hiyo inauza betri za simu na mafuta ya kung'arisha ngozi. Nikamuuliza kipimo. Akasema tia mpaka uone kijani.

Nikatia. Siku ya nane nikaona kijani. Nikatia tena, maana kijani ni kitamu machoni. Nikatia na mara ya tatu, hapo nilikuwa nimelewa tu.

Wakuu, ule mpunga! Ulikuwa kijani cheusi, umenipita kichwa, watu wanasimamisha pikipiki kuutazama. Yule wa oganiki akaja na wageni, akapiga picha, akaandika kwamba hayo ni matunda ya makapi. Yule wa yurea naye akamtuma mtu apige picha, akaibandika juu ya meza yake kati ya betri na mafuta. Mpunga mmoja, waongo wawili, na wa tatu nimesimama katikati nimejaza kifua.

Hapo ndipo ninapowadharau, nyinyi na ligi zenu. Hakuna kati ya hao wawili aliyeuliza udongo wangu una nini na umekosa nini. Na mimi mwenye diploma sikuuliza.

Mama akaja mara moja, amepanda nyuma ya pikipiki, amekaa upande. Akaingia shambani taratibu, akalishika shina kwa vidole viwili, akalikunja. Likakunjika bila kubisha.

Akauliza nimeupa nini. Nikasema dawa ya kisasa, mama.

Akaniambia: "Huu mupunga umenenepa, haukukomaa. Mutu munene si mutu wa nguvu." Halafu akauliza tena kama mbegu iko. Nikasema iko.

Alikuwa na haki kwenye kila kitu. Yurea ni nitrojeni peke yake, nayo inatoa majani. Ili shina lisimame linataka potasi, na potasi tulikuwa tukiimwaga shimoni kila asubuhi kwenye majivu, bure. Tena mpunga wa bibi Asha ni mrefu kwa asili, haukuzaliwa kwa kulishwa namna ile. Ukiushibisha majani, unaomba upepo uulaze.

Upepo ukaja. Alasiri moja tu, kutoka mtoni, na mvua nyuma yake. Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza umetoa masuke, punje bado maziwa. Nilifika asubuhi nikakuta robo hekta yote imelala chini, upande mmoja, kama watu walioambiwa lala.

Haukuinuka. Masuke yalikaa kwenye maji, yakaoza. Nilichokivuna ni makapi matupu, yale yale niliyoyafukia. Punje chache zilizokuwa na uzito nilizifunga kwenye kitambaa chenye maji nione kama zitaota. Siku ya nne kitambaa kikanuka. Hakuna hata moja iliyotoa mzizi.

Nilikaa juu ya kigogo pale shambani nikaona jambo nililolifanya. Mbegu iliyopita vita vyote, iliyopita njaa ya Mwamini, imekufa mikononi mwangu wakati wa amani.

Mtaalamu wa oganiki akasema alinionya kuhusu kemikali. Mtaalamu wa yurea akasema sikununua ile ya pili, ya kukaza shina. Kibao chenye jina langu kiling'olewa kabla majani hayajakauka.

Kwa mama nilisema tumepata hasara, lakini mbegu ya nusu ipo. Wiki mbili nilikula chakula chake na uongo ule mdomoni.

Mwanzo wa mvua mpya, mama ana desturi ya kuianika mbegu juani siku moja kabla ya kupanda. Mimi nilikuwa kazini. Akamwomba mtoto wa jirani amshushie bidoni. Niliporudi mchana nilimkuta kwenye mkeka, miguu ameinyosha, makapi yamemwagika mbele yake na mchanga juu ya makapi. Alikuwa ameshika mchanga kiganjani, anauangalia tu.

Nikapiga magoti.

Mama hakuinua sauti. Alisema: "Mwamini alikuwa na njaa, nikamukatalia hii mupunga. Mutoto wangu wa tumbo. Weye umeipatia wapiga picha."

Wakuu, nimetukanwa sana maishani. Hakuna tusi lililonikaa kama hilo.

Nikaanza kutafuta. Nilikwenda mpaka vijiji vya Tunda, nikauliza kila mwenye ghala. Wote wana ule mpunga mfupi wa siku hizi. Nikampigia Mwamini, ameolewa Pangi, huko wanachimba madini kuliko wanavyochimba ardhi ya kulima. Akaniambia hajauona mpunga ule tangu aolewe. Halafu akaniuliza, mama ameshajua? Nikasema amejua. Akakata simu.

Niliporudi mikono mitupu, mama, bila kunitazama, akasema niende kwa Mama Zaituni.

Nilidhani uzee umemvuruga. Mama Zaituni! Yule yule aliyetutangaza mtaani. Tangu vita sijawaona wakila sahani moja. Kumbe wakati ule wa mashimo, alfajiri moja, alikuja mlango wa nyuma akaomba bakuli la mbegu, na mama akampa. Hakumwambia mtu, wala hakumsimanga hata siku moja. Mimi ningemsimanga mpaka kaburini.

Nikaenda. Mama Zaituni sasa ni bibi wa fimbo, mguu mmoja anauburuta. Akanipeleka uani, nyuma ya uzio wa makuti. Mpunga umesimama pale mistari minane, umepita uzio, unaanza kuiva, ncha nyekundu. Uko juu ya shimo lake la zamani. Mwanamke aliyetuita najisi ameulima mpunga wetu juu ya choo chake kila msimu, tangu vita mpaka leo.

Nikasema: "Mama Zaituni, naomba mbegu."

Akanitazama sana. "Lile jina lako, watoto hawakulianzisha. Mimi njo nilianza."

Nikasema nalikumbuka.

Akagonga mguu wake mbovu kwa fimbo. "Hii nilivunjia pale kwa shimo. Giza, niko najificha na ndoo yangu, watu wasinione. Mbegu nitakupa. Lakini kwanza ubebe udongo wa mama yako, mpaka shambani. Na ubebe saa sita ya mchana, nitakaa barazani nione."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hawakumaanisha watoto peke yao.

Siku tano, wakuu. Nilifungua shimo lililopumzika, nikajaza ndoo, nikaweka kichwani mwenyewe. Si mkokoteni, Mama Zaituni alikataa. Jua la saa sita, barabara kuu ya Kasuku, nikapita kwenye mzunguko mbele ya pikipiki zote. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili mmoja niliyesoma naye akapiga kelele, Amisi wa Shimo! Mzunguko wote ukaanguka kwa kicheko.

Nikasema ndiye mimi, nikaendelea. Shingo inauma, udongo unaingia kwenye kola, na dunia haikuisha. Hilo ndilo nililoliogopa miaka yote ile, wakuu: kicheko cha watu kumi waliokaa juu ya pikipiki.

Siku ya nne yule yule aliyepiga kelele akanifuata mpaka nje ya mji. Akazima pikipiki, akaangalia nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini shimo linafungwa miaka mingapi.

Mama Zaituni akavuna, akanipa bakuli. Moja, halijajaa. Nikapanda kona moja ya shamba, udongo wa shimo chini, majivu juu. Haukuwa kijani cheusi. Hakuna aliyesimamisha pikipiki kuutazama. Upepo ulikuja mara tatu, mpunga ukainama, ukainuka.

Nilirudisha bakuli la Mama Zaituni, safari hii limefurika. Kilichobaki kimefunika chini ya bidoni tu. Itachukua misimu miwili au mitatu kabla haujatosha hata kuupika mara moja. Mama anajua hesabu hiyo, na anajua umri wake. Mimi pia najua. Hatuizungumzi.

Somo langu, mlichukue au mliache.

Sina ugomvi na yurea. Udongo ukikosa nitrojeni, kijiko chake kwa wakati wake kinasaidia, lakini si kopo kwa ulevi. Sina ugomvi na oganiki, ila makapi yaoze kwanza, shimo lipumzike miaka miwili halijaguswa, majivu yasitupwe. Udongo hauna chama. Unauliza kitu kimoja, umeniletea nini nilichokikosa? Ukiujibu kwa semina, utakujibu kwa makapi.

Na ukiwa na mzee nyumbani aliyelima wakati wa njaa, muulize yeye kwanza, ndipo uje kutukanana huku.

Haya, uwanja ni wenu. Wa oganiki na wa yurea, njooni na komenti zenu, nishazoea kuchekwa na watu wenye pikipiki, nyinyi wenye simu hamnitishi. Ila kila atakayeandika, aanze kwa kutuambia majivu ya jikoni kwao yanatupwa wapi.

Naweka simu chini. Mama amemaliza sombe, ananiita nimshushie bidoni. Kila siku lazima aitikise asikie, halafu ananiamuru nifungue kifuniko, aone kwa macho yake.